Apandaye Hushuka: Somo la Baiskeli, Mlima na Maana katika Barabara za Bura

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mpanda ngazi hushuka. Shuleni methali hii hufundishwa kama onyo kwa mwenye cheo: leo uko juu, kesho utakuwa chini. Katika barabara za milima ya Taita, hata hivyo, methali hii ina maana ya pili, na kila mwenye baiskeli anaijua kwa mapaja yake. Anayepanda mlima hushuka baiskeli. Anayeshuka mlima hupanda baiskeli. Vitenzi ni vilevile viwili, lakini kila kimoja kinafanya kazi mbili, na kazi hizo zinakwenda kinyume.

Makala haya yana malengo matatu. Kwanza, yanaeleza mazingira ya uendeshaji baiskeli katika barabara tulivu za mlimani, hasa zile zinazoizunguka Bura katika Kaunti ya Taita Taveta. Pili, yanachanganua jinsi vitenzi panda na shuka vinavyotumika katika mazingira hayo. Tatu, yanapendekeza njia ya kuepuka utata ambao darasani ni jambo la kuchekesha, lakini mlimani unaweza kumvunja mtu.

Suala hili mwandishi hakulipata maktabani. Wakati mmoja wa likizo, yeye na mdogo wake wa miaka kumi na minne walizikokota baiskeli zao kutoka Bura hadi upande wa Mgange, kisha wakaanza safari ya kurudi. Mwandishi alitangulia. Alipofika mahali ambapo barabara inakunja ghafla na changarawe imelegea, alisimama chini ya kona hiyo, akageuka na kumwona mdogo wake amesimama juu, mguu mmoja ukiwa chini, akingoja neno la kaka yake. Mwandishi akapaza sauti: “Shuka!” Alimaanisha: ondoka juu ya baiskeli, tembea. Mtoto alisikia: njoo, njia ni nyeupe. Akaachia breki.

Alivunjika mtulinga. Jioni ile mama aliuliza swali moja tu: ulimwambia nini? Mwandishi akajibu kwamba alimwambia ashuke. Mama akasema: “Basi si alishuka?” Tangu siku hiyo mwandishi amekuwa akilitafuta jibu la swali hilo, na makala haya ni sehemu ya utafutaji huo.

2.0 Bura na Barabara Zake

Inafaa kubainisha mapema kwamba Bura inayozungumziwa hapa si ile ya Tana River inayojulikana kwa mradi wa umwagiliaji maji. Hii ni Bura ya Taita, iliyo baada ya Mwatate kwa anayesafiri kutoka Voi kwenda Taveta. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao hapa mwaka 1892. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, ikapita Bura na kufika Maktau. Reli hiyo haikuthubutu kupanda milima, bali iliambaa chini yake. Barabara kuu nayo ilifuata mkondo huohuo. Mwenye baiskeli akifika Bura ana hiari: aendelee tambarare kama garimoshi, au ageuke upande wa kulia na kuukabili mlima.

Milima yenyewe imegawanyika katika vilima vikuu vya Dawida, Sagalla na Kasighau. Ni ncha ya kaskazini kabisa ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania. Kilele cha Vuria, kilicho kirefu kuliko vyote, kina mita 2,208. Mji wa Voi, kwa upande mwingine, uko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, ilhali Wundanyi iko juu ya mita 1,300. Kwa hivyo anayetoka Voi asubuhi, akapita mashamba ya mkonge ya Mwatate na kushika barabara ya Wundanyi, atakuwa ameinua mwili wake na chuma chake kwa zaidi ya mita 700 kabla ya kunywa chai. Mwatate ndiyo njia panda: mkono mmoja unakwenda Bura na Taveta, mwingine unapanda Wundanyi. Msomaji atambue kwamba neno panda limejitokeza tena hapa, safari hii likiwa na maana ya kugawanyika kama tawi la mti.

Barabara ya kutoka Bura kupanda upande wa Mgange ina kona nyingi na magari machache. Huko chini joto ni la nyika, na ndovu wa Tsavo huweza kuvuka barabara, hasa magharibi na usiku upande wa Maktau. Kwa sababu hiyo, mwenye baiskeli mwenye busara huwa hangoji jua litue. Kadiri anavyopanda, hewa inapoa, migomba inaanza kuonekana, na mawe ya mlimani yanajitokeza kando ya njia. Asubuhi isiyo na mawingu akigeuka nyuma huiona nyika yote imetandazwa hadi Kilimanjaro.

Utulivu wa barabara kama hii una umuhimu wake katika mjadala wetu. Katika barabara kuu honi ndiyo lugha. Mlimani, ambako huweza kupita muda mrefu bila gari, mtu husikia mnyororo wake, pumzi zake, na sauti ya mwenzake aliye kona tatu juu. Pale hakuna alama ya barabarani wala askari wa trafiki. Kinachomwongoza mtu ni neno la binadamu mwenzake. Neno hilo likiwa na maana mbili, basi ni kama breki yenye waya uliokatika nusu.

3.0 Mlima Unavyoitendea Baiskeli

Kabla ya kuchanganua lugha, yafaa tueleze kwa ufupi kinachotendeka. Baiskeli iliyozoeleka vijijini mwetu kwa miaka mingi ni ile nzito ya chuma, yenye gia moja, ambayo Wakenya wengi huiita Black Mamba. Gia moja maana yake ni kwamba kila mzunguko wa pedali unaisogeza baiskeli umbali uleule, iwe tambarare au mlimani. Mlima ukizidi kusimama, nguvu inayohitajika inazidi, hadi uzito wote wa mwili juu ya pedali hautoshi. Hapo mtu hushuka na kukokota. Baiskeli yenye gia nyingi humwezesha kuchagua mzunguko mwepesi: miguu inazunguka mara nyingi zaidi, baiskeli inasogea kidogo, lakini inasogea. Huo ndio ukweli wa haba na haba hujaza kibaba.

Kuteremka ni elimu nyingine. Umbali wa kusimama hauongezeki sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa, umbali unaohitajika baada ya kushika breki huongezeka mara nne, na mteremko huuongeza zaidi. Breki za mpira zinazobana rimu hupata joto zikishikwa mfululizo, na rimu ikilowa ukungu au mvua, uwezo wake hupungua sana. Anayejua kuteremka hupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Huketi nyuma kidogo, hushika breki zote mbili kwa kiasi, na akiona changarawe huikabili kwa mstari ulionyooka. Breki ya mbele ikibanwa ghafla humrusha mtu. Ya nyuma ikibanwa ghafla, gurudumu huserereka.

Yote haya yanahitaji uamuzi ndani ya sekunde chache. Darasani tunasema kuwa muktadha huondoa utata wa maana. Kauli hiyo ni kweli, lakini muktadha unahitaji muda ili usomwe, na mteremko hautoi muda.

4.0 Panda na Shuka: Uchanganuzi

Kamusi zetu huorodhesha panda kama vidahizo kadhaa. Kupanda mbegu na kupanda mlima ni maneno mawili yaliyofanana umbo tu, yaani homonimia. Njia panda nayo ina asili yake. Lakini kupanda baiskeli na kupanda mlima si homonimia. Ni polisemia: neno moja lenye maana mbili zilizo na uhusiano. Katika zote mbili mtu anatoka chini kwenda juu. Tofauti iko katika nomino inayofuata kitenzi. Katika “panda baiskeli”, nomino hiyo ni kibebeo, kitu kinachompokea mtu na kwenda naye. Katika “panda mlima”, nomino ni njia, kitu ambacho mtu anapita juu yake. Vivyo hivyo kwa shuka: “shuka baiskeli” ni kuachana na kibebeo, “shuka mlima” ni kupita njia kuelekea chini.

Katika nchi tambarare maana hizi mbili hukutana kwa nadra. Anayeambiwa “panda” karibu na gari ataingia garini, na abiria anayemwambia utingo “nishushe hapa” hadhani kwamba atateremshwa bonde. Baiskeli mlimani ndiyo inayozikutanisha, kwa sababu mtu yuko juu ya vitu viwili kwa wakati mmoja: yuko juu ya baiskeli, na baiskeli iko juu ya mlima. Akiambiwa “shuka”, ashuke kipi?

Sarufi yetu ina njia za kutenganisha maana hizi, nazo ni za kuvutia. Tuangalie mifano ifuatayo:

(i) Alipanda mlima kwa baiskeli.
(ii) Alipanda mlima na baiskeli.
(iii) Alipandisha baiskeli mlimani.
(iv) *Alipanda mlima baiskeli.

Sentensi ya (i) inaeleza kwamba baiskeli ndiyo iliyokuwa chombo: mtu aliketi, akanyonga hadi juu. Sentensi ya (ii) inasema tu kwamba vilikwenda pamoja, na huenda mtu aliikokota njia nzima. Kihusishi kimoja, kwa au na, kinabeba jasho lote la safari. Katika (iii), kiambishi cha kutendesha kinaigeuza baiskeli kuwa mzigo. Sentensi ya (iv) haikubaliki. Kitenzi hakiwezi kukibeba kibebeo na njia kwa pamoja bila msaada, na msemaji hulazimika kuchagua.

Tatizo ni kwamba njia hizi zote zinahitaji sentensi kamili. Amri ya kupazwa haina nafasi ya kihusishi. Ni kitenzi kitupu, na kitenzi kitupu ndicho chenye utata. Huenda msomaji akasema kwamba suluhisho ni kutumia teremka badala ya shuka. Kwa bahati mbaya teremka nalo, hasa kwa wasemaji wa pwani, hutumika pia kwa maana ya kutoka katika chombo. Nomino mteremko ndiyo iliyobaki upande wa ardhi peke yake: hakuna anayesema mteremko wa kutoka garini.

5.0 Ushahidi kutoka Milima Mingine

Hali hii si ya Bura pekee. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na mtaa, watu hutumia chukudu. Hiki ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kisicho na pedali, kinachobeba viazi, makaa na mbao. Kwa kuwa hakina pedali, mwenye chukudu hawezi kukipanda anapopanda mlima. Hukisukuma. Hukipanda anaposhuka tu. Sentensi hii ni sahihi kwa kila neno, na asiyewahi kuona chukudu ataisoma mara mbili. Chombo hiki ndicho mfano safi kabisa wa kanuni tuliyoanza nayo.

Mfano wa pili ni wa Ufaransa. Mwaka 1910 mashindano ya Tour de France yalipitishwa kwa mara ya kwanza katika milima mirefu ya Pyrenees, ikiwemo Tourmalet yenye mita 2,115, kimo ambacho kinazidiwa kidogo na Vuria yetu. Njia zilikuwa za mawe na matope. Octave Lapize, aliyekuja kuwa mshindi wa mwaka huo, alifika juu ya Tourmalet wa kwanza, lakini sehemu ya njia aliikokota baiskeli kwa miguu. Gustave Garrigou ndiye aliyepanda yote bila kushuka. Mwandishi alipoieleza habari hii kwa wanafunzi wenzake, mmoja aliuliza kwa mzaha: kama hakushuka, basi yuko kule juu hadi leo? Mzaha huo ni uchanganuzi tosha wa polisemia. Vifaa vya kubadili gia viliruhusiwa katika mashindano hayo mwaka 1937 tu.

Tangu hapo mlima umekuwa ndio unaoamua nani bingwa, na Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hiyo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa na Mkenya David Kinjah wa Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Alikuwa akishindana kwa leseni ya Uingereza tangu 2008. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa fulana ya madoa mekundu, ambayo huvaliwa na anayeongoza kwa alama za milima. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, katika vilima vya nchi ambayo Kiswahili ni lugha yake rasmi tangu 2017. Mashindano ya namna hii yanahitaji watangazaji, na watangazaji wanahitaji maneno. Mtangazaji akisema “ameshuka”, wasikilizaji wa redio wataelewa kwamba kijana anakimbia kuelekea ushindi, au kwamba amechoka na anatembea?

6.0 Msamiati: Tulicho Nacho na Tunachohitaji

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ya pwani, ni maskini wa maneno ya mlima. Mwandishi hakubaliani nao. Tuna kilele, mgongo wa mlima, bonde, korongo, genge, mwinuko na mteremko. Kwa upande wa mwendo tuna kunyonga, kukokota, kusukuma, kuserereka na kuporomoka. Neno kunyonga linastahili kutajwa kwa namna ya pekee: nomino nyonga ni kiungo kinachounganisha paja na kiwiliwili, na ndicho kinachouma kwanza mtu akinyonga kutoka Bura hadi juu. Iwe asili ya maneno hayo ni moja au la, mwenye baiskeli huyaunganisha mwenyewe.

Penye upungufu ni katika jina la mahali ambapo barabara inavuka kutoka upande mmoja wa safu hadi wa pili, pale panapokatiza kati ya vilele viwili. Mara nyingi tunasema “kule juu” tu. Mwandishi anapendekeza kilango cha mlima. Tayari tunasema mlango wa bahari kwa mahali ambapo maji hupita kati ya nchi mbili, na si vigumu kwa mlima kufuata mfano wa bahari. Mwenye kufika kilangoni huwa amemaliza sarufi moja na kuanza nyingine: aliyekuwa akikokota sasa atapanda, na aliyekuwa akipanda sasa atashuka.

Kuhusu amri za barabarani, pendekezo letu ni jepesi. Waendeshaji wa milimani wasitumie shuka na panda zikiwa tupu. Anayetaka mwenzake atoke juu ya baiskeli na atembee aseme “Ikokote!” Kiambishi -i- kinairejelea baiskeli waziwazi, na hakuna namna ya kukokota baiskeli huku umeikalia. Anayetaka mwenzake aje akiwa ameketi aseme “Njoo nayo polepole!” Anayetaka mwenzake asimame aseme “Funga breki!” Maneno haya si mapya. Yamekuwa vinywani mwa watu siku zote, na kilichokosekana ni nidhamu ya kuyachagua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utata wa panda na shuka hautokani na umaskini wa lugha, bali na utajiri wake: neno moja linaweza kumweka mtu juu ya chuma au juu ya mlima. Aidha, yameonyesha kwamba sarufi hutoa njia za kutenganisha maana, lakini njia hizo huhitaji muda na maneno zaidi. Mwanafunzi wa semantiki anaweza kuchukua somo hili: polisemia haina madhara pale ambapo msikilizaji ana nafasi ya kuuliza. Asipokuwa na nafasi hiyo, wajibu wote humwangukia msemaji.

Mfupa wa mdogo wa mwandishi ulipona, na kijana huyo anapanda mlima hadi leo, kwa baiskeli na si na baiskeli tu. Siku moja wakiwa njiani alimwuliza kaka yake anaandika nini siku hizi. Alipoelezwa, alifikiri kidogo, kisha akasema: “Kaka, ungesema tu ikokote.” Pendekezo la sehemu ya sita, kwa hivyo, ni lake.

Maswali ya Mjadala

1. Tofautisha homonimia na polisemia ukirejelea matumizi matatu ya neno panda yaliyotajwa katika makala haya.
2. Eleza tofauti ya kimaana kati ya “Alishuka mlima kwa baiskeli” na “Alishuka mlima na baiskeli.” Je, ipi ingefaa katika ripoti ya ajali, na kwa nini?
3. “Aliye juu mngoje chini.” Jadili methali hii kwa kuzingatia maana yake ya kimafumbo na maana yake kwa waendeshaji baiskeli wa milimani.
4. Waulize waendeshaji watatu wa eneo lako maneno wanayotumia kumwonya mwenzao kwenye mteremko. Yapi kati ya hayo yana maana zaidi ya moja?